Gulika na Yamaganda zina kanuni yake. Rahukala je? Nani anaijua?

#1 Nyota27
Wakuu, salaam. Wengi humu mnaijua Rahukala, ile saa moja na nusu ya kila siku ambayo Wahindu wa kusini mwa India, hasa Watamil, hawaanzishi jambo jipya ndani yake. Hawasaini mkataba, hawatoki safari, hawafungui duka. Mchana wote, toka jua kuchomoza hadi kuzama, unagawanywa mafungu 8 yaliyo sawa. Jua likichomoza saa 12 kamili na kuzama saa 12 kamili, kila fungu ni dakika 90, na la Rahu linaangukia hivi:

Jumapili fungu la 8 (saa 10:30 hadi 12:00 jioni)
Jumatatu la 2 (1:30 hadi 3:00 asubuhi)
Jumanne la 7 (9:00 hadi 10:30 alasiri)
Jumatano la 5 (6:00 hadi 7:30 mchana)
Alhamisi la 6 (7:30 hadi 9:00)
Ijumaa la 4 (4:30 hadi 6:00)
Jumamosi la 3 (3:00 hadi 4:30 asubuhi)

Ndani ya mafungu hayohayo kuna vipindi vingine viwili vya kila siku, Gulika na Yamaganda. Gulika ni Jumapili la 7, Jumatatu la 6, Jumanne la 5, inashuka hivyo hadi Jumamosi la 1. Inaeleweka: fungu la kwanza ni la sayari yenye siku, mengine yanafuata mpangilio wa siku za wiki, na Gulika ni lile la Zohali, mwenye Jumamosi. Yamaganda ni hesabu ileile, ila ni fungu la Mshtarii, mwenye Alhamisi: Jumapili la 5, Jumatatu la 4, Jumanne la 3, Jumatano la 2, Alhamisi la 1, kisha Ijumaa la 7 na Jumamosi la 6.

Sasa angalieni Rahukala: 8, 2, 7, 5, 6, 4, 3. Kanuni iko wapi? Dai langu: hakuna. Ilikaririwa tu kizazi kwa kizazi, na mahali fulani mkariri aliteleza.

#2 Mwanafalaki_Tanga
Umekimbilia kosa la mkariri mapema mno, mkuu. Rahu si sayari ya kuonekana kwa jicho. Ni ile nukta ambapo njia ya mwezi inakata njia ya jua ikipanda kaskazini, ndiyo maana anahusishwa na kupatwa kwa jua na mwezi. Hana siku yake ya wiki. Zohali ana Jumamosi, Mshtarii ana Alhamisi, hao unaweza kuwahesabia fungu. Rahu utamhesabia toka wapi? Usitegemee afuate kanuni ya wenye siku.

#3 Mpigahesabu
Panga upya orodha ya #1 kwa mafungu badala ya siku. Kuanzia la 2 hadi la 8: Jumatatu, Jumamosi, Ijumaa, Jumatano, Alhamisi, Jumanne, Jumapili. Isomeni taratibu. Ni wiki inayorudi nyuma! Na Rahu katika mwendo wake wa wastani hurudi nyuma daima, anamaliza buruji zote 12 kwa miaka 18 na nusu hivi, kinyume na jua na mwezi. Kanuni ndiyo hiyo.

#4 Nyota27
#3, umeona jambo zuri, lakini maliza hesabu. Wiki ikirudi nyuma toka Jumatatu inakuwa Jumatatu, Jumapili, Jumamosi, Ijumaa, Alhamisi, Jumatano, Jumanne. Kwenye Rahukala, Jumapili imeng'olewa nafasi ya pili na kutupwa mwisho, na Jumatano na Alhamisi zimebadilishana. Kasoro mbili ndani ya siku saba ni nyingi.

#5 Mpigahesabu
Ya Jumapili naweza kuitetea. Katika mpango wa Gulika yanatumika mafungu 1 hadi 7, na la 8 halina mwenyewe. Rahu anatumia 2 hadi 8, hagusi la kwanza hata siku moja. Fungu lisilo na mwenyewe amelichukua siku ya Jua, adui yake. Ya Jumatano na Alhamisi bado nahangaika nayo.

#6 Dira_ya_Kusi
Mimi niliwahi kusoma maelezo ya pande. Kila sayari ina upande wake: Jua mashariki, Zuhura kusini-mashariki, Mirihi kusini, Rahu kusini-magharibi, Zohali magharibi, Mwezi kaskazini-magharibi, Utaridi kaskazini, Mshtarii kaskazini-mashariki. Rahu huzunguka pande 8 kwa siku na kila fungu anakaa upande mmoja. Anapofika upande wa mwenye siku, hiyo ndiyo Rahukala.

#7 Mpigahesabu
Nimeijaribu. Fungu la 2 hadi la 8 unapata: kaskazini-magharibi, magharibi, kusini-mashariki, kaskazini, kaskazini-mashariki, kusini, mashariki. Kama angekuwa anazunguka, hatua kati ya upande na upande zingelingana. Hapa anarudi hatua moja, kisha tatu, kisha tatu tena, halafu anakwenda mbele moja, mbele tatu, anarudi mbili. Huo si mzunguko.

#8 SaaSita
Wakati mnatafuta asili, watu wanakosea matumizi kila siku. Zile saa za #1 ni za mfano, si za kubandika ukutani. Chukua Dar es Salaam mwishoni mwa Juni. Jua linachomoza kama saa 12:33 asubuhi na kuzama kama 12:17 jioni. Mchana ni saa 11 na dakika 44, yaani dakika 704. Gawa kwa 8, fungu ni dakika 88. Jumatatu, fungu la 2 linaanza saa 2:01 asubuhi na kwisha 3:29. Aliyekariri 1:30 hadi 3:00 anafungua duka saa 3:05 akijua ameiepuka, kumbe yuko katikati yake. London mwishoni mwa Desemba ni balaa zaidi: jua saa 2:04 asubuhi hadi 9:53 alasiri, fungu halifiki hata saa nzima, ni dakika 58 na kitu.

Hatua ni nne tu: jua la mahali ulipo siku hiyohiyo, urefu wa mchana kwa dakika, gawa kwa 8, hesabu hadi fungu la siku. Saa yetu ya Kiswahili inasaidia kwa kuwa inaanza na jua, lakini isikulevye ukadhani jua linachomoza saa 12 kamili kila siku.

#9 Tambuu_na_Popoo
Nakazia #8. Naongeza kwamba Wahindu wengi wa Dar, Mombasa, Nairobi na Kampala asili yao ni Gujarat, na huko wanaangalia choghadia zaidi kuliko Rahukala. Nayo ni mafungu 8 ya mchana na 8 ya usiku, lakini kila fungu lina jina na tabia yake: Udvega (la Jua), Chara (Zuhura), Labha (Utaridi), Amrita (Mwezi), Kala (Zohali), Shubha (Mshtarii), Roga (Mirihi). Mema ni Amrita, Shubha na Labha. Chara ni la safari. Matatu yaliyobaki yanaachwa. Jumapili huanza na Udvega, Jumatatu Amrita, Jumanne Roga, Jumatano Labha, Alhamisi Shubha, Ijumaa Chara, Jumamosi Kala, kisha unafuata mzunguko huohuo, na fungu la 8 linarudia la kwanza.

Angalizo: usiku haufuati mtiririko wa mchana. Usiku wa Jumapili huanza na Shubha, kisha Amrita, Chara, Roga, Kala, Labha, Udvega, Shubha. Wengi huendeleza hesabu ya mchana na kuharibu kila kitu.

#10 Nyota27
Basi ziweke pamoja uone zinavyogombana. Alhamisi, choghadia: Shubha, Roga, Udvega, Chara, Labha, Amrita, Kala, Shubha. La 6 ni Amrita, bora kuliko yote, na ndilo hilohilo la Rahukala. Jumanne fungu la 7 ni Shubha, na Rahu yupo palepale. Jumatatu na Ijumaa ndizo pekee Rahukala inapokutana na Kala. Mtamil na Mgujarati wakitaka kusaini mkataba mmoja Alhamisi saa 8 mchana, mmoja anakimbilia na mwingine anakimbia.

#11 Kasuku_wa_Soko
Kwani choghadia si dakika 96? Jina lenyewe ni ghadi nne, na ghadi moja ni dakika 24.

#12 SaaSita
Jina ndivyo lisemavyo, hesabu haisemi hivyo. Siku nzima ina ghadi 60, mchana wa saa 12 una ghadi 30. Ukigawa kwa 8 unapata ghadi 3 na robo tatu, dakika 90. Ukitumia 96 kwa mafungu yote 8 unavuka machweo kwa dakika 48. Hizo dakika 48 ni urefu wa muhurta mmoja, siku nzima ikiwa na muhurta 30. Usichanganye vipimo hivi viwili.

#13 Mwanafalaki_Tanga
Mzunguko wa choghadia ya mchana, Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi, Zohali, Mshtarii, Mirihi, ndio uleule wa saa za falaki ya pwani yetu. Mwenye kutafuta "saa ya Zuhura" Lamu au Unguja anafuata mpangilio huu. Unatoka kwa anayekwenda polepole angani, Zohali, hadi anayekimbia, Mwezi. Zungusha saa 24 kwa sayari 7 zinabaki 3, na hizo 3 ndizo zinazoleta mwenye siku inayofuata. Saa hizi za sayari Wahindi wanaziita hora.

#14 Dira_ya_Kusi
Uzi umenoga. Kuna anayejua jinsi ya kutumia panchanga (kalenda ya Kihindu) iliyochapwa India ukiwa huku? Naona watu wanatoa tu saa mbili na nusu kwa kila kitu.

#15 Tambuu_na_Popoo
Hapo ndipo makosa makubwa yanapotokea. Panchanga ina viungo vitano: siku ya wiki, tithi, nakshatra (kituo cha nyota alipo mwezi), yoga (hapa ni kipimo cha jua na mwezi, si mazoezi), karana. Tithi ni mwezi kulitangulia jua kwa nyuzi 12. Inaanza na kuisha kwa wakati mmoja dunia nzima, kwa hiyo toa saa 2:30 kupata saa za Afrika Mashariki na umemaliza. Nakshatra vilevile. Lakini Rahukala, choghadia na Abhijit (muhurta wa katikati ya mchana) zinategemea jua la mahali ulipo. Hizo usitoe chochote, zihesabu upya.

Kisha kuna jambo la tatu ambalo wengi hulisahau. Siku inapewa tithi iliyokuwapo jua likichomoza. Tithi ikiisha saa 1:00 asubuhi Mumbai, siku hiyo Mumbai ni yake. Huku ni saa 10:30 alfajiri, jua halijatoka. Kwetu siku hiyo ni ya tithi inayofuata. Tarehe ya mfungo inasogea siku nzima, na kalenda zote mbili ni sahihi.

Mfano ulio wazi ni Diwali ya 2024. Amavasya, tithi ya mwezi kufa, ilianza 31 Oktoba saa 9:52 alasiri kwa saa za India na kuisha 1 Novemba saa 12:16 jioni. Ibada ya Lakshmi inataka amavasya iwepo baada ya jua kuzama. Sehemu nyingi za India ilikuwepo jioni zote mbili, mabishano yakazuka, wengine 31, wengine tarehe 1. Dar es Salaam iliisha 1 Novemba saa 9:46 alasiri, jua bado liko juu. Kwetu hakukuwa na la kubishania, ilikuwa 31 Oktoba.

#16 Kasuku_wa_Soko
Shukrani. Na harusi? Naona familia zinaulizana miezi kabla.

#17 Nyota27
Harusi unaanza kwa kufuta. Futa Chaturmasa, miezi minne toka tithi ya 11 ya mwezi mwangavu (nusu ambayo mwezi unakua) katika mwezi wa Kihindu wa Ashadha hadi ya 11 ya mwangavu wa Kartika. Futa jua likiwa buruji ya Dhanu (katikati ya Desemba hadi 14 Januari) na Mina (katikati ya Machi hadi katikati ya Aprili). Futa mwezi wa nyongeza, kama ule wa 17 Mei hadi 15 Juni 2026. Futa siku ambazo Mshtarii au Zuhura wamemezwa na mwanga wa jua. Hapo mwaka umebaki mwembamba.

Katika uliobaki, tafuta nakshatra 11 za ndoa: Rohini, Mrigashira, Magha, Uttara Phalguni, Hasta, Swati, Anuradha, Mula, Uttara Ashadha, Uttara Bhadrapada, Revati. Pushya haimo, ingawa inasifiwa karibu kwa kila jambo jingine. Acha tithi 4, 9 na 14, zinaitwa tupu. Kisha tarabala: hesabu toka nyota (nakshatra) ya kuzaliwa hadi nyota ya siku, gawa kwa 9. Baki 3, 5 au 7 ni mbaya. Nyota ya kuanzia nayo inahesabiwa! Aliyezaliwa Rohini, ya 4, akitaka kuoa siku ya Swati, ya 15, ni hesabu 12, baki 3, Vipat, haifai. Ukiruka nyota ya kuanzia unapata 11, baki 2, Sampat, yaani neema. Kosa la kidole kimoja linageuza hukumu yote.

#18 SaaSita
Umesahau Bhadra, mkuu, na hiyo ndiyo inayonasa watu. Karana ni nusu ya tithi, na ile iitwayo Vishti au Bhadra haifanyiwi jambo jema. Mwezi mwangavu inakuja nusu ya pili ya tithi 4 na 11, nusu ya kwanza ya 8 na 15. Mwezi wa giza, nusu ya pili ya 3 na 10, nusu ya kwanza ya 7 na 14. Raksha Bandhan hufanyika tithi ya 15, kwa hiyo nusu yake ya kwanza ni Bhadra kila mwaka. Kinachobadilika ni saa ya kuisha tu. Tarehe 30 Agosti 2023 India ilibidi kusubiri hadi saa 3:01 usiku ndipo dada amfunge kaka yake uzi.

#19 Mwanafalaki_Tanga
Hakuna aliyegusa ndege. Nasema ndege kwa maana zote mbili. Sisi tunasema "ndege njema" na "ndege mbaya" kwa ishara anayokutana nayo msafiri. Kisanskriti ni vilevile kabisa: shakuna ni ndege, na shakuna ni ishara. Varahamihira wa Ujjain, karne ya 6, aliandika kwa kirefu juu ya milio ya ndege, mbweha na mbwa, wakiwa upande gani na saa gani.

#20 Dira_ya_Kusi
Mjusi kafiri naye ana elimu yake kwa Watamil. Wanaangalia amekuangukia wapi, kichwani, begani, mguuni, kulia au kushoto, na hata alilia toka upande gani wa nyumba. Hekalu la Varadaraja Perumal, Kanchipuram, lina mijusi miwili darini, mmoja wa dhahabu na mwingine wa fedha. Watu hupanda kuigusa ili kuondoa nuksi ya mjusi aliyewaangukia.

#21 Tambuu_na_Popoo
Za njiani: mtungi uliojaa maji ni heri, mtungi mtupu ni mkosi. Ng'ombe na ndama wake, maziwa ya mgando, maua, ni heri. Mzigo wa kuni na mafuta ni mkosi. Chafya moja mtu akiwa mlangoni, anarudi, anakaa kidogo, anakunywa maji, ndipo anatoka. Jicho likicheza, kwa mwanamume la kulia ni jema, kwa mwanamke la kushoto. Na kumuuliza anayetoka "unakwenda wapi?" ni kumharibia.

#22 Kasuku_wa_Soko
Kukutana na jeneza je? Bila shaka ni mbaya.

#23 Tambuu_na_Popoo
Hapana, wengi wanaihesabu njema. Maiti akibebwa kwenda kuchomwa ni ishara ya kazi kukamilika.

#24 Dada_Revati
Na mjane? Mbona mmeruka? Orodha za zamani zinamweka mjane upande mmoja na mtungi mtupu. Kwa imani hiyo wanawake wamefichwa jikoni siku ya harusi za watoto wao wenyewe. Naheshimu elimu ya tithi na naihesabu kila siku, lakini hili nalikataa waziwazi. Mwezi kuwa nyuzi kadhaa mbele ya jua kunapimika. Mtu kufiwa si kipimo cha siku ya mwingine.

#25 Nyota27
Dada, nakuunga mkono.

#26 Dira_ya_Kusi
Kuna dawa nzuri kwa msafiri ambaye saa yake njema na saa ya chombo hazilingani. Inaitwa prasthana. Saa njema ikifika, anatoa kitu chake, kitambaa chenye mchele, kipande cha manjano na popoo, anakipeleka nyumba ya jirani upande anaokwenda. Kimehesabika amekwisha ondoka. Siku ya safari yenyewe anakipitia na kwenda nacho. Kosa la kawaida ni kukipeleka upande usio wa safari, au kupita moja kwa moja kwenda stendi na kukiacha kwa jirani.

#27 Mpigahesabu
Narudi kwenye Jumatano na Alhamisi. Abhijit ni muhurta wa 8 kati ya 15 za mchana, dakika 24 kabla ya jua kuwa utosini na 24 baada yake. Inafuta dosari nyingi, ila Jumatano inakatazwa. Wiki ikirudi nyuma na kasoro ikawa ile ya Jumapili tu, fungu la 5, linaloanzia utosini, lingekuwa la Alhamisi. Limepewa Jumatano, siku ileile Abhijit inapokatazwa. Nadhani waliopanga walizibadili siku hizo mbili ili Rahu akae juu ya Abhijit ya Jumatano.

#28 Nyota27
Nzuri, lakini Ijumaa Rahukala ni fungu la 4, linaishia utosini. Linafunika dakika 24 za mwanzo za Abhijit, sawasawa na la Jumatano linavyofunika 24 za mwisho. Mbona Ijumaa Abhijit haikukatazwa?

#29 Mwanafalaki_Tanga
Huenda katazo la Jumatano ni la zamani kuliko Rahukala yenyewe, na halihusiani nayo. Kaskazini wanaliheshimu hata wasiohesabu Rahukala.

#30 Mpigahesabu
Ijumaa ni ya Zuhura, na Zuhura anahesabiwa rafiki wa Rahu. Natafuta kama urafiki huo unatosha kuisalimisha Abhijit. Ukitosha, nitadaiwa pia Jumamosi, maana Zohali naye ni rafiki yake na fungu lake halijasogezwa popote.

#31 SaaSita
Kabla hujafika Jumamosi, jaribu kupanga upya ukihesabu mafungu toka machweo kurudi nyuma. Jumapili inakuwa la 1, Jumanne la 2, Alhamisi la 3, Jumatano la 4, Ijumaa la 5, Jumamosi la 6, Jumatatu la 7. Jua linaanza, Mwezi unafunga, na sayari tano ziko katikati. Nitaleta hesabu ya hizo tano.